Kapsuli za chai ya kijani na manjano zimenipandishia ALT: niache au nivumilie?

SWALI: Nina miaka 43, sinywi pombe, na sina ugonjwa wowote ninaoujua. Kwa wiki saba nimekuwa nikimeza kapsuli za dondoo ya chai ya kijani ili nipunguze uzito, mbili asubuhi kabla ya kula chochote na mbili jioni. Lebo inasema kila kapsuli ina miligramu 500 za dondoo, EGCG (kemikali kuu ya chai ya kijani) asilimia 50. Juu yake nameza kapsuli moja ya manjano ya miligramu 500, kurkuminoidi (kemikali za manjano, kurkumini ikiwa kuu) asilimia 95, iliyotiwa pilipili manga, kwa ajili ya magoti. Nimechoka sana na nina kichefuchefu, nikapima damu: ALT 412, AST 268, ALP 130, bilirubini 19. Macho yangu bado meupe. Aliyeniuzia anasema ini linatoa sumu, nivumilie wiki mbili zaidi. Chai ya kijani nimeinywa miaka mingi bila shida. Niache? Na nikipona, naweza kurudi kwenye chai ya kawaida?

JIBU: Acha leo, na uache zote mbili. Usianze na moja ili uone ipi yenye makosa, wala usipunguze kidogo kidogo. Hizi si dawa ambazo mwili ukizizoea huzidai. Maelezo ya kwamba ini linatoa sumu yapuuze kabisa. ALT, kama mwenzake AST, ni kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya seli za ini. Kikijaa kwenye damu, maana yake seli zimepasuka au kuta zake zinavuja. Ini halina usafi linaoufanya kwa kupasua seli zake lenyewe, na hizo wiki mbili za kuvumilia ndizo zinazoweza kumtoa mtu kwenye uchovu na kumfikisha kwenye macho ya njano.

Chupa usizitupe. Zihifadhi na kapsuli zilizobaki, piga picha lebo pande zote pamoja na namba ya toleo, kisha andika kwenye karatasi tarehe uliyoanza, idadi kwa siku, kama ulimeza na chakula au tumbo tupu, na kila kitu kingine kilichopita mdomoni mwako katika miezi mitatu: dawa za maumivu, antibiotiki, poda za mazoezi, chai za kupunguza tumbo. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko kumbukumbu yako ukiwa umeketi mbele yake. Antibiotiki ya siku tano uliyokwisha kuisahau inaweza kubadilisha hesabu yote. Amoksilini yenye klavulaneti, kwa mfano, huweza kuumiza ini wiki kadhaa baada ya dozi kwisha.

Rudia vipimo ndani ya siku tatu hadi tano: ALT, AST, ALP, bilirubini, albumini, na INR, yaani kipimo cha kuganda kwa damu ambacho naona hukufanyiwa. Baada ya hapo pima kila wiki mpaka namba zishuke mara mbili mfululizo, halafu kila wiki mbili hadi nne mpaka zirudi kawaida.

Usingoje tarehe ya kipimo, nenda hospitali saa hiyo hiyo, ukiona macho yanageuka njano, mkojo unakuwa wa kahawia hata ukiwa umekunywa maji ya kutosha, choo kimepauka, unatapika bila kukoma, damu inatoka puani au kwenye fizi, au tumbo linajaa maji. Na kuna dalili ambayo hutaiona wewe mwenyewe: kuchanganyikiwa. Ini likishindwa kazi, amonia na taka nyingine hufika kwenye ubongo, mtu akaanza kulala mchana na kukesha usiku, kusahau majina, kujibu ndivyo sivyo, huku akiapa kwamba yu mzima. Kwa hiyo anayeishi nawe asome aya hii.

Namba zako zinasema nini

Karatasi ya maabara huandikwa "utendaji wa ini", na jina hilo linawapotosha wengi. ALT na AST hupima uharibifu. Utendaji unaonekana kwenye INR na albumini, kwa sababu ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu na albumini yenyewe, na kwenye bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na damu iliyochakaa, kwa sababu ini ndilo linaloitoa. Unaweza kuwa na ALT ya 400 na ini linalofanya kazi yake vizuri, kama inavyoelekea kuwa kwako sasa. Mwingine ALT yake inashuka kutoka 3,000 hadi 200 na ndugu wanashangilia, kumbe INR inapanda: seli za kuvuja zimebaki chache. Ndiyo maana INR ni kipimo cha lazima.

Sasa chukua kalamu. ALT yako igawe kwa kikomo cha juu cha maabara. Nachukulia ni 40, kama zilivyo maabara nyingi. 412 kwa 40 ni 10.3. ALP, kimeng'enya kinachopanda nyongo ikikwama, nayo igawe kwa kikomo chake, tuseme 120: 130 kwa 120 ni 1.08. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili, unapata kama 9.5. Tokeo la 5 au zaidi ni la seli za ini kuumia. Tokeo la 2 au pungufu ni la nyongo kukwama. Katikati ni mchanganyiko. Wewe uko upande wa seli bila shaka, na huko ndiko dondoo ya chai ya kijani humpeleka mtu karibu kila mara, na manjano mara nyingi vilevile. Ingekuwa ashwagandha, mzizi wa dawa za Kihindi, tungetarajia zaidi nyongo iliyokwama, mwili kuwasha na macho ya njano. Hesabu hii haimtaji mkosaji kwa jina, ila inapunguza idadi ya washukiwa.

AST yako iko chini ya ALT, na hilo nalo lina maana. Pombe hufanya kinyume: AST hupita ALT, mara nyingi kwa zaidi ya mara mbili, na ni nadra kuivusha 400. Mafuta kwenye ini, ambayo watu wengi wanaotafuta kupunguza uzito wanayo bila kujua, hayapandishi ALT mara kumi yakiwa peke yake. Kitu kimoja cha kuondoa haraka: kama ulikuwa unafanya mazoezi makali wiki hiyo, mwombe daktari aongeze kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli, maana misuli iliyoumia nayo humwaga AST na ALT kidogo.

Habari njema iko kwenye bilirubini: 19 iko ndani ya kawaida, ambayo hufika kama 21. Daktari wa Marekani, Hyman Zimmerman, aligundua zamani kwamba dawa inapoumiza seli za ini hadi mgonjwa akawa na macho ya njano, takriban mmoja kati ya kumi hufa au huhitaji kupandikizwa ini. Leo kanuni hiyo husomwa hivi: ALT zaidi ya mara tatu ya kikomo pamoja na bilirubini zaidi ya mara mbili, bila njia za nyongo kuziba. Kwako mstari huo ni bilirubini ya kama 42. Ukiufikia, tiba yako ni ya kulazwa.

Dondoo na majani ni vitu viwili

Umesema umeinywa chai ya kijani miaka mingi bila shida. Nakuamini, na hakuna mgongano wowote. Tufanye hesabu ya lebo. Miligramu 500, EGCG asilimia 50, ni miligramu 250 kwa kapsuli. Kapsuli nne kwa siku ni miligramu 1,000. Kikombe cha chai ya kijani iliyochemshwa kawaida kina kama miligramu 50 hadi 100. Ni kama ulikuwa unakunywa vikombe 10 hadi 20 kila siku, nusu yake ikiingia kwa mkupuo mmoja alfajiri.

Kisha tumbo tupu. EGCG ikimezwa bila chakula, kiwango chake kwenye damu hupanda zaidi ya mara tatu kuliko ikimezwa na chakula. Damu yote inayotoka kwenye utumbo hupitia kwanza kwenye mshipa wa lango kuingia ini kabla haijafika popote pengine, hivyo ini linakutana na kemikali hiyo ikiwa kali kuliko itakavyokutana nayo moyo au figo. Na anayejinyima chakula ili apungue huwa na akiba ndogo ya glutathioni, ile molekuli ambayo ini hutumia kuzima kemikali kali. Yaani dozi kubwa, mlango uliofunguliwa, na mlinzi aliyechoka, vyote asubuhi moja.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi mwaka 2018 ikaona kwamba EGCG ya miligramu 800 au zaidi kwa siku, ikitoka kwenye virutubisho, inahusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaweka sheria: bidhaa ya siku nzima iwe chini ya miligramu 800, na lebo ionye isimezwe tumbo tupu. Usichukulie 800 kuwa mpaka wa amani, kwani wapo walioumia wakiwa chini yake. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Ufaransa na Hispania zilishaiondoa sokoni Exolise, dawa ya kupunguza uzito iliyotengenezwa kwa dondoo ya chai ya kijani iliyokamuliwa kwa alkoholi.

Hilo neno "iliyokamuliwa kwa alkoholi" lisikupite. Maji hutoa vitu fulani kutoka kwenye mmea. Alkoholi na asetoni hutoa vingine, hasa vile vinavyopenda mafuta, na hivyo ndivyo vinavyohitaji ini kuvivunja. Mzizi wa kava, Piper methysticum, hutengenezwa kwa maji huko visiwa vya Pasifiki tangu zamani. Ulipogeuzwa kuwa vidonge Ulaya kwa kutumia alkoholi na asetoni, ripoti za ini kuharibika zikarundikana hadi Ujerumani ikaviondoa sokoni mwaka 2002. Wataalamu bado wanabishana: wengine wanalaumu kikamulio, wengine wanalaumu maganda na mashina yaliyochanganywa na mzizi, wengine ukungu, na hata kava ya maji haikosi kesi zake. Ninachokitaka ukishike ni kidogo kuliko ubishi huo: usalama wa mmea uliochemshwa haurithiwi na dondoo yake.

Lebo nyingine huandika uwiano, kama 10:1. Maana yake kilo 10 za mmea mkavu zimetoa kilo 1 ya dondoo, kwa hiyo kapsuli ya miligramu 500 ni sawa na gramu 5 za mmea. Uwiano usiotaja kikamulio ni nusu ya habari. Na lebo inayosema "mchanganyiko maalumu" bila kutaja kiasi cha kila mmea irudishe rafuni, maana hata daktari bingwa hataweza kukokotoa chochote humo.

Manjano yako tuyafanyie hesabu hiyo hiyo. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3. Miligramu 500 zenye asilimia 95 ni miligramu 475, sawa na kama gramu 16 za unga, vijiko vya chai vitano hivi. Hizo zingepita bila kishindo, kwa kuwa kurkumini hainyonywi vizuri utumboni na inayoingia ini huifunga na kuitoa haraka. Pilipili manga ndiyo inayoharibu mpango huo. Piperini yake huzuia ini lisifunge kurkumini. Katika utafiti wa mwaka 1998, miligramu 20 za piperini ziliongeza kurkumini kwenye damu ya watu mara 20. Watengenezaji wakaitangaza kama sifa. Mimi naisoma kama onyo, zaidi kwa sababu piperini haichagui: huzuia pia uvunjaji wa dawa nyingine ulizoandikiwa, zikalundikana.

Kwa nini wewe, na jirani yako hapana

Mimea huumiza ini kwa njia mbili, na anayezichanganya huishia kubishana bila mwisho.

Njia ya kwanza ni sumu ya wazi: ukila vya kutosha, utaumia, uwe nani. Alkaloidi za pirolizidini ndizo mfano mbaya kuliko yote. Zimo kwenye mimea ya jamii za Senecio, Heliotropium, Symphytum na Crotalaria, ambamo marejea nayo imo. Zikiwa kwenye jani hazina ukali mkubwa. Ini lenyewe, likijaribu kuzivunja, huzigeuza kuwa kemikali inayong'ang'ania protini na DNA, na kinachoumia kwanza ni ukuta wa mishipa midogo sana ya damu ndani ya ini. Mishipa inaziba, ini linavimba, tumbo linajaa maji, uzito unapanda ndani ya siku chache. Vimeng'enya vinaweza kuwa vya wastani tu, hivyo anayeangalia ALT peke yake hupotea. Dozi ndogo za kila siku hujumlishwa, na mtoto huumia kabla ya mtu mzima. Miaka ya 1970 huko Afghanistan ugonjwa huu ulienea vijijini kwa sababu ngano ilichanganyika na mbegu za Heliotropium. Hakuna aliyekunywa dawa yoyote. Teucrium chamaedrys, iliyouzwa Ufaransa kama kapsuli za kupunguza uzito hadi ikapigwa marufuku mwaka 1992, hufanana kwa hili: ni vimeng'enya vya ini vinavyoigeuza kuwa sumu, na glutathioni ikiisha seli zinakufa, kama ilivyo kwa paracetamol iliyozidi.

Njia ya pili ni ya mtu na mmea wake. Watu elfu wanameza, mmoja anaumia, na kinachomtofautisha ni kinga yake. Hapa kuna jambo lililogunduliwa miaka ya karibuni ambalo linakuhusu: aina moja ya jeni za kinga, HLA-B*35:01, inaonekana mara nyingi kupita kawaida kwa walioumizwa na dondoo ya chai ya kijani, na pia kwa walioumizwa na manjano, Garcinia cambogia (tunda linalouzwa kwa kupunguza uzito) na Polygonum multiflorum (mzizi wa dawa za Kichina). Mwaka 2022 mtandao wa Marekani unaofuatilia madhara haya ulieleza wagonjwa 10 walioumizwa ini na dondoo ya manjano: 7 walikuwa na jeni hiyo, 5 walilazwa, mmoja alifariki. Lakini wengi wenye jeni hiyo hawaumii kabisa, kwa hiyo kuipima kabla ya kumeza hakuna maana. Kuipima baada ya kuumia, pale inapopatikana, humwongezea daktari uhakika.

Kesi yako naiona iko katikati ya njia hizi: dozi ilikuwa kubwa kiasi cha kusukuma ini la mtu yeyote, na pengine kinga yako ilimalizia. Jirani anayemeza chupa ile ile huku akicheka hakuthibitishii lolote.

Huenda chupani mna kingine

Haya yote yanadhani lebo inasema kweli. Dondoo za kupunguza uzito, za maumivu ya viungo na za nguvu za kiume ndizo zinazoongoza kwa kutiwa dawa za hospitali kwa siri: sibutramini kwenye za uzito, diklofenaki, paracetamol na steroidi kwenye za viungo, sildenafili kwenye za kiume. Dawa ya mitishamba inayotuliza goti ndani ya saa moja iogope kwa sababu hiyo hiyo. Ukitumia yenye steroidi kwa miezi kisha ukaiacha ghafla, tezi za adrenali zinaweza kuwa zimelala. Ukizidiwa na udhaifu, kizunguzungu na kutapika baada ya kuacha, mwambie daktari neno "steroidi" kabla hajakisia mengine.

Mmea wenyewe unaweza kuwa siyo. Kesi kadhaa zilizolaumiwa kwa Scutellaria, mmea wa dawa wa kutuliza, zilikuja kuhusishwa na Teucrium iliyouzwa kwa jina lake. Zikisha kusagwa, hakuna jicho linalozitenganisha. Mizizi na mbegu zilizokaushwa vibaya huota ukungu na kubeba sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutotupa chupa: maabara yenye vifaa inaweza kupima kilichomo, na maabara haiwezi kupima jalala.

Daktari atathibitishaje

Hakuna kipimo cha damu kinachosema "hii ni chai ya kijani". Uthibitisho huja kwa kuondoa mengine na kuangalia tarehe. Utapimwa homa ya ini A, B, C, na usikubali aina ya E iachwe, kwa sababu ndiyo inayojificha nyuma ya lebo ya "dawa imemdhuru". Utapimwa ANA na kingamwili za misuli laini, ambazo huushambulia mwili wenyewe, pamoja na IgG, yaani jumla ya kingamwili za kawaida, kwa kuwa homa ya ini ya kinga kujishambulia inafanana sana na hii. ANA inaweza kuonekana hata kwa aliyeumizwa na manjano, kwa hiyo ikitoka chanya usikate tamaa wala usianzishiwe steroidi siku hiyo hiyo bila mjadala. Picha ya ultrasaundi itaonyesha njia za nyongo na mishipa. Biopsi ya ini, yaani kuchukua kipande kwa sindano, huachiwa kesi ambazo hazishuki au zenye utata.

Kisha tarehe. Dondoo ya chai ya kijani huumiza zaidi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, manjano ndani ya mwezi mmoja hadi minne. Wiki saba zako zinaingia kwenye zote mbili, na kwa kuwa ulizitumia pamoja huenda usijue kamwe ipi iliyoanza. Baada ya kuacha, ALT ikishuka kwa nusu au zaidi ndani ya siku 8, ushahidi ni mzito; ndani ya siku 30, bado ni mzuri. Isipungue kabisa kwa mwezi, tafuta mkosaji mwingine. Wengi hurudi kawaida kati ya mwezi mmoja na mitatu. ALT inaweza kupanda kidogo siku chache za kwanza baada ya kuacha, na hilo peke yake lisikutie hofu mradi INR imetulia.

Jaribio ambalo usilifanye ni la kurudia kapsuli "ili tuhakikishe". Ini lililokwisha kuitambua kemikali kwa njia ya kinga hujibu mara ya pili kwa kasi kuliko ya kwanza, pengine ndani ya siku, na kwa ukali zaidi. Wapo waliopona vizuri mara ya kwanza wakafa kwa mara ya pili.

Utumie nini sasa

Karibu hakuna. Kwa ini lililoumia namna yako, tiba ni kuacha na kupima. Silimarini ya mbigili maziwa, inayouzwa kama kinga ya ini, haijathibitishwa kuharakisha kupona, na kuongeza mmea mwingine sasa kutavuruga usomaji wa namba zako wiki ijayo. Vinywaji vya kusafisha ini viache mahali vilipo. Vingi vina dondoo ya chai ya kijani ndani yake, soma lebo utaona. Asetilisisteini ina kazi ya hakika kwa paracetamol iliyozidi, na hutolewa hospitali kwa ini lililoanza kushindwa. Kwa ALT 412 na akili timamu haihitajiki. Kula mara kwa mara na protini ya kutosha, usifunge kula. Pombe hata kidogo hapana mpaka namba zirudi. Kwa goti, paracetamol isizidi gramu 2 kwa siku, na ukiwa umeshindwa kula au umetapika iache kabisa. Dawa ulizoandikiwa kwa magonjwa mengine usiziache mwenyewe; zipeleke zipitiwe.

Kwa kuwa umeonyesha ini lako linavyojibu, kuna mingine ya kukaa nayo mbali: ashwagandha, Garcinia, Polygonum multiflorum, kava, asidi ya usniki (hutiwa kwenye baadhi ya kapsuli za kupunguza uzito), dondoo ya mshubiri ya kumeza, na sanamaki kwa dozi kubwa za miezi mingi. Mirungi imehusishwa na homa ya ini inayofanana na ile ya kinga kujishambulia. Mafuta ya mbegu za mwarobaini usimnyweshe mtoto mchanga kwa sababu yoyote. Yameleta kutapika, degedege na ini kujaa mafuta kwa watoto. Hypericum, inayouzwa kwa huzuni, haiumizi ini sana, lakini hulichochea livunje dawa nyingine haraka, zikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, za kuzuia kukataliwa kwa kiungo kilichopandikizwa, na baadhi ya dawa za VVU.

Anayesoma haya naye anatumia dondoo na yuko salama mpaka leo, apime ALT sasa, kisha wiki ya 4, ya 8 na ya 12, atumie mmea mmoja kwa wakati mmoja, na aache ikivuka mara tatu ya kikomo, au kabla ya hapo kama amechoka, hamu ya kula imekufa au tumbo linamuuma upande wa kulia chini ya mbavu.

Kuhusu chai ya kawaida: majani yaliyochemshwa, kikombe kimoja au viwili, hayajawa chanzo cha majeraha haya isipokuwa kwa nadra. Hata hivyo kwa ALT iliyopanda mara kumi nisingekushauri uirudie kabla namba hazijakaa kawaida miezi mitatu mizima. Ukiamua kuirudia, iwe kikombe kimoja, baada ya chakula, isiwe matcha, ambayo unameza jani zima badala ya maji yake, na upime ALT wiki ya 4. Ikipanda hata kwa nusu ya kikomo, hiyo ndiyo chai yako ya mwisho ya kijani. Chai nyeusi ina EGCG kidogo sana, kwa kuwa nyingi hubadilika majani yanapochachuliwa.